Sura ya Saba: Barua Ni ya Aliyeandikiwa

Andika "Kabanga, Tanzania" juu ya bahasha, bandika stempu, itumbukize. Barua hiyo ina kwao kuwili. Kuna Kabanga ya Ngara, mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Burundi, ile inayotajwa kila habari za madini ya nikeli zinapozungumzwa. Na kuna Kabanga ya Kasulu, mkoani Kigoma, katika nyanda za juu za Buha: Kabanga ya misheni, ya hospitali na ya chuo cha ualimu. Anayetoka moja kwenda nyingine hupita Kibondo na Kakonko, na barua iliyokosea njia hupoteza muda wote huo kwenda, kisha hupoteza mwingine kurudi.

Kinachoiokoa ni mstari mmoja mfupi: S.L.P., namba, na jina la ofisi ya posta. Mstari huo tumeuandika tangu shule ya msingi, tulipofundishwa barua ya kirafiki na barua rasmi, hata tukauzoea kama tulivyozoea kuandika tarehe. Wachache wamewahi kujiuliza unamaanisha nini kisheria. Sanduku ni mali ya nani? Nani ana haki ya kulifungua? Na barua ikishaingia humo, ni ya nani?

Maswali hayo yana uzito wa pekee mahali kama Kabanga, kwa sababu huku sanduku la posta halijawahi kuwa la mtu mmoja. Hati ya ukodi ina jina moja, lakini nyuma ya jina hilo wamesimama wanafunzi, wagonjwa, waumini, wauguzi, na kijiji kizima. Sura hii inahusu kanuni za sanduku hilo: zilizoandikwa, na ile moja ambayo haikuandikwa lakini ndiyo iliyozibeba nyingine zote.

Namba na ofisi yake

Watanzania wengi hawajawahi kugongewa mlango na tarishi wa posta. Barua haikufuati, wewe ndiye unayeifuata. Nyumba nyingi hazikuwa na namba, mitaa haikuwa na majina, na kaya za vijijini zilitawanyika vilimani kila moja na shamba lake la migomba. Kumtuma mtu mmoja apite nyumba hadi nyumba katika nchi ya namna hiyo kungekuwa gharama isiyobebeka. Badala yake posta iliweka milango midogo ya chuma kwenye ukuta wa ofisi yake, ikaipa namba, ikaikodisha.

Mpango huu ulisambaa pamoja na posta yenyewe. Wajerumani walifungua ofisi zao za kwanza pwani, Bagamoyo na Dar es Salaam, mwaka 1890, kisha zikafuata njia ya misafara kwenda bara. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya barua kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, iliyokuwa ya wiki nyingi kwa miguu, ikawa ya siku chache kwa treni. Vita vikaja. Wabelgiji wakaishika Kigoma mwaka 1916, na barua zikasafiri kwa stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya ukaliaji wao kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Walipoondoka mwaka 1921, posta ikawa ya Waingereza. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, na mwaka 1994 shughuli za posta zikatenganishwa na za simu: ndipo lilipoanza kazi Shirika la Posta Tanzania tulilo nalo sasa.

Bendera zimebadilika, stempu zimebadilika, na majina ya mashirika yamebadilika. Kanuni ya kwanza ya sanduku imebaki ileile: namba peke yake si anwani. Kila ofisi ya posta huhesabu masanduku yake yenyewe, kwa hiyo namba moja inaweza kuwapo Kasulu, Kibondo, Kigoma mjini na Dar es Salaam, kila moja na mpangaji wake. Anayeandika namba akasahau ofisi amefanya nusu ya kazi. Anayeandika jina la kijiji akaacha ofisi amemwachia karani wa posta kitendawili. Kwa mtu wa Kabanga neno linaloamua ni "Kasulu", kwa kuwa huko ndiko kuliko na ofisi inayoijua namba yake.

Mwaka 2012 mkoa wa Kigoma ulipata wilaya mpya tatu: Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu, Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, na Uvinza. Mabadiliko ya mipaka ya utawala hayahamishi sanduku. Kijiji kinaweza kuamka kiko wilaya nyingine huku barua zake zikiendelea kuingia katika mlango uleule wa chuma, mpaka mwenye sanduku aamue kukodi jingine na kuwaarifu wote wanaomwandikia. Wajibu wa kuarifu ni wake. Posta haiwezi kujua ni nani na nani wanaishika anwani yake ya zamani.

Masharti ya ukodi

Anayepata sanduku la posta hanunui kitu. Anakodi nafasi, na nafasi hiyo inabaki kuwa ya posta. Huomba kwa fomu, hujitambulisha, hulipa ada, hupewa ufunguo. Ada hulipwa kwa mwaka, na viwango hutofautiana kati ya mtu binafsi na kampuni au taasisi. Asiyelipa hufungiwa, na sanduku lililofungwa si adhabu kwa mdaiwa peke yake. Kila aliyekuwa akipokea barua kupitia namba hiyo amefungiwa naye, hata kama hakuwahi kujua kwamba kuna ada.

Masharti mengine ni ya akili ya kawaida. Ufunguo ukipotea, mpangaji huripoti na kugharamia kitasa kipya, maana ufunguo uliopotea ni ufunguo ulio mikononi mwa mtu usiyemjua. Mpangaji haruhusiwi kuliuza sanduku wala kulikodisha kwa mwingine kama chumba cha uani. Akihama, hulirudisha. Na hatakiwi kulitumia kupokea kilichokatazwa na sheria: dawa za kulevya, vilipuzi, vitu vinavyowaka moto, mali za magendo.

Orodha ya vitu visivyopita posta imekubaliwa na mataifa chini ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mjini Bern mwaka 1874, ambao Tanganyika ilijiunga nao mwaka 1963. Noti na sarafu hazitakiwi kutiwa katika barua ya kawaida. Fedha ina njia zake. Wanyama hai hawapiti, ila wachache waliotajwa kwa majina, na miongoni mwao ni nyuki. Mfugaji wa nyuki wa Kibondo, katika nchi inayosifika kwa asali, anaweza kushangaa kusikia kwamba mkataba wa kimataifa wa posta umemkumbuka. Kanuni za posta ndivyo zilivyo. Zinaonekana kavu mpaka ukutane na ile inayokuhusu.

Tazama sasa sanduku lenyewe kwa karibu. Kwa mbele ni mlango mdogo wenye namba na tundu la ufunguo, mmoja kati ya safu nyingi zilizopangana ukutani, mara nyingi kibarazani, ili mwenye ufunguo aweze kufika hata ofisi ikiwa imefungwa. Kwa nyuma hakuna mlango. Upande wa ndani masanduku yote yako wazi kama rafu, na karani husimama mbele yake na rundo la barua, akisoma namba na kutupia bahasha moja moja mahali pake kwa kasi ya mtu anayeijua ramani hiyo kwa moyo. Hasomi jina, anasoma namba. Kifurushi kisichoenea, au barua ya rejesta, hakiingizwi humo. Karani huacha kikaratasi cha kuarifu, na mpokeaji hukipeleka dirishani pamoja na kitambulisho chake, akatia sahihi ndipo akabidhiwe. Barua ya kawaida inamwamini mwenye ufunguo. Barua ya rejesta inamtaka mwenye jina.

Ndugu wa sanduku hilo ni lile la upande wa pili, la kutumbukizia barua zinazoondoka. Katika desturi ya posta tuliyoirithi kwa Waingereza, hoteli, kampuni au taasisi kubwa iliweza kugharamia sanduku la kutumbukizia barua ndani ya jengo lake, ili wageni na wafanyakazi wake wasilazimike kwenda mjini. Sharti lake lilikuwa moja na zito: jengo ni la mwenye taasisi, ukuta ni wake, gharama ni yake, lakini ufunguo hana. Bahasha ikishapita kwenye mdomo wa sanduku imeingia katika ulinzi wa posta, na mfanyakazi wa posta pekee ndiye anayeweza kuitoa. Hata aliyeiandika akijutia maneno yake hawezi kuingiza mkono akaichukua. Mkurugenzi aliyetaka kujua wafanyakazi wake wanamwandikia nani angeliona sanduku kila siku asipate kitu.

Pale sheria inapoishia

Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani una kanuni ambayo watu wengi hawaijui: barua ni mali ya aliyeituma mpaka itakapokabidhiwa kwa mwenyewe anayestahili kuipokea. Posta haiimiliki hata dakika moja. Inaishika kwa amana. Ndiyo maana barua isiyofikishwa hurudishwa kwa mwandishi badala ya kubaki kwa yeyote aliyeokota bahasha.

Sheria zetu wenyewe zimesimama juu ya msingi huo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inayaweka mawasiliano binafsi ya mtu chini ya hifadhi ileile inayolinda nafsi yake na maskani yake. Ibara ya 18 inampa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawabana watoa huduma wa posta na wafanyakazi wao wasifungue, wasizuie wala wasipoteze kwa makusudi kilichokabidhiwa kwao. Mteja mwenye malalamiko huanza kwa mtoa huduma, na asiporidhika hupanda hadi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Yote hayo ni mema, na yote yanaishia kwenye mlango wa sanduku. Karani akishaiweka barua katika namba sahihi, kwa macho ya posta imefika. Lakini jina lililo juu ya bahasha ni la mwanafunzi wa kidato cha pili, au muuguzi wa zamu ya usiku, au bibi aliyeko kilimani nyuma ya misheni. Kutoka posta ya Kasulu hadi mkononi mwake bado kuna njia ya vumbi, na katika njia hiyo hakuna karani, hakuna rejesta na hakuna dirisha la malalamiko. Kuna mwenye ufunguo tu.

Hapo ndipo kanuni isiyoandikwa ilipoanza kazi. Mwalimu mkuu, paroko, katibu wa hospitali, mtendaji wa kijiji: hawa ndio waliokuwa posta ya kweli ya vijiji vya nyanda za juu. Anwani ya mtu wa kawaida ilikuwa jina lake, kisha "kwa kupitia" shule fulani, parokia fulani, ofisi ya kata fulani, kisha namba ya sanduku la wengine. Taasisi kubwa zilizokaa mbali na ofisi ya posta ziliweza kutumia mfuko wenye kufuli, wenye funguo mbili, mmoja posta na mwingine kwenye taasisi, ili aliyeubeba katikati, awe dereva wa lori au kondakta wa basi, asiweze kuufungua. Hata hivyo kufuli lililinda mfuko barabarani tu. Ulipofunguliwa mezani, barua zikamwagwa, ulinzi uliobaki ulikuwa tabia ya aliyekaa mezani hapo.

Shuleni desturi ilijulikana. Mwalimu wa zamu alisimama mbele ya mstari na kishada cha barua, akasoma majina, na kila aliyeitwa akatoka mbio huku wenzake wakimpigia vigelegele. Shule nyingi za bweni ziliweka utaratibu wa kukagua barua za wanafunzi, na barua iliyoshukiwa ilifunguliwa ofisini kwanza. Walimu walikuwa na hoja zao, hasa za kuwalinda wasichana wadogo na watu wazima wasio na nia njema. Lakini iko tofauti kati ya mlezi anayemwita mwanafunzi na kufungua barua mbele yake, na mlezi anayeisoma peke yake kisha akaitia droo. Wa kwanza anatimiza ulezi wake. Wa pili amechukua amana ya watu wawili kwa mkupuo mmoja, ya aliyeandika na ya aliyeandikiwa.

Kijijini mambo yalikwenda kwa salamu. Mama ametoka shamba, jembe begani, amepitia shuleni.

"Shikamoo, Mwalimu. Yangu haijafika?"

"Marahaba, mama. Imefika jana, imetoka Tanga. Tia sahihi hapa, au weka dole gumba."

Mama anapokea, anaigeuza, anairudisha. "Nisomee basi, mwanangu."

Mwalimu husoma. Na akishasoma, anachokijua kuhusu nyumba ile, deni, ugonjwa, mke wa pili aliyeolewa mjini, anatakiwa akae nacho mpaka kaburini. Msomaji wa barua za watu alikuwa na kiapo ambacho hakuna aliyemwapisha. Aliyekivunja hakushitakiwa mahakamani. Watu waliacha tu kupitishia barua zao kwake, na kijiji kizima kikajua kwa nini.

Barua za mkonge

Barua ya kutoka Tanga haikuwa jambo la nadra Buha. Wakati wa Waingereza mkoa huu uligeuzwa kuwa chimbuko la vibarua. Wakulima wakubwa wa mkonge walianzisha miaka ya 1940 ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kama SILABU, na Waha, wenyeji wa Buha, kwa maelfu walisafiri kwa treni kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba ya kandarasi yake.

Mtu aliyeacha mke na watoto Kasulu au Kibondo akaenda kukata mkonge upande wa pili wa nchi alihitaji vitu viwili kutoka posta: barua na hawala ya posta. Barua ilileta habari, hawala ilileta fedha ya kodi, ya nguo, ya chumvi. Vyote viwili vilihitaji anwani nyumbani, na nyumbani hakuna aliyekuwa na sanduku. Hivyo mshahara wa mtu aliyeinama kutwa nzima mkongeni ulipita katika sanduku la misheni, la chifu au la mwenye duka, kwa kumtegemea mtu ambaye huenda hakuwahi kuonana naye. Mara nyingi imani hiyo ilitunzwa. Mahali ilipovunjwa, aliyeibiwa hakuwa na risiti mkononi wala ujuzi wa kusoma, na aliyeko Tanga alidhani mkewe amepokea na amenyamaza.

Tangazo la Mwalimu Nyerere la kuufanya 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima, na Operesheni Kigoma iliyoanza mwaka 1972 kuwakusanya watu katika vijiji, vilibadilisha sehemu ya hali hii. Kijiji kilipata ofisi, katibu na muhuri, na watu wazima walioketi darasani jioni wakaanza kusoma barua zao wenyewe. Mama aliyesema "nisomee" alipoweza kusoma mstari wa kwanza, mlango mmoja wa kuingiliwa ulifungwa. Elimu ile ilimpa mtu faragha ambayo ufunguo wa sanduku haukuweza kumpa.

Barua isiyo na bahasha

Nyanda hizi zina kundi jingine kubwa la watu ambao hawakuwa na sanduku hata la kuazima. Kigoma imepokea wakimbizi kwa vizazi: Warundi mwaka 1972, tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, Wakongo kuanzia mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, kisha Warundi tena mwaka 2015, waliojaza Nyarugusu, wakapelekwa pia Nduta ya Kibondo na Mtendeli ya Kakonko. Mtu anayetakiwa kukaa kambini na kuomba kibali kila anapotaka kutoka hawezi kukodi sanduku mjini. Na hata angelikodi, ndugu anayemtafuta hajui yuko nchi gani.

Kwao kulikuwa na ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Hii ni karatasi ya wazi, haina bahasha, na kanuni zake zinajulikana dunia nzima: unaandika habari za familia tu, nani yu hai, nani amezaliwa, nani amefariki, tuko wapi. Siasa haimo, mambo ya kijeshi hayamo. Karatasi husomwa na wahudumu kabla ya kupelekwa, na mwandishi hulijua hilo tangu anaposhika kalamu. Hupelekwa kwa mkono, kwa kuulizia jina la mtu, jina la baba, jina la kilima alikotoka. Mpokeaji akipatikana hupewa nafasi ya kujibu nyuma. Asipopatikana, karatasi humrudia aliyeiandika na maelezo kwamba ametafutwa hakuonekana.

Kwa mtazamo wa haraka ujumbe huo ni kinyume cha kila nilichotetea hapo juu: barua iliyo wazi, inayosomwa na watu wa kati. Lakini tazama kanuni iliyo chini yake. Mwandishi ameambiwa mapema nani atasoma na kwa nini. Kinachosomwa hakisambazwi. Na karatasi haihesabiki imefika kwa sababu imefikishwa kambini. Imefika inapotiwa mkononi mwa aliyetajwa. Posta ilijaza namba ya sanduku na kuhesabu kazi imekwisha. Msalaba Mwekundu haukuwa na namba, ukalazimika kumtafuta mtu mwenyewe. Waliotawanywa na vita walipata katika hilo heshima ambayo raia mwenye anwani hakuipata daima.

Kabanga yenyewe inajua kwa nini siri ya mawasiliano ni suala la uhai. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa na kuuawa katika mikoa ya Ziwa na magharibi, watoto waliletwa katika shule ya Kabanga wapate hifadhi nyuma ya ukuta wake. Kwa mtoto wa namna hiyo, kujulikana ni nani anamwandikia, anatoka kijiji gani na atarudi lini si umbea. Ni hatari. Mwenye ufunguo wa sanduku la shule kama hiyo ni mlinzi kama alivyo mlinzi wa getini.

Namba mpya, swali la zamani

Leo barua za kawaida zimepungua, na vijana wengi hawajawahi kulamba stempu. Nchi imeingia katika anwani za makazi. Postikodi ya Tanzania ina tarakimu tano zinazoteremka kutoka kanda hadi mkoa, wilaya na kata. Za Kigoma huanza na 47. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya kutoa majina kwa barabara na namba kwa nyumba nchi nzima. Shirika la Posta nalo limeleta Posta Kiganjani, ambapo namba ya simu ya mteja hufanywa anwani yake na ujumbe humwarifu kwamba mzigo umefika. Kenya ilipita njia hiyohiyo kwa MPost.

Hayo ni maendeleo ya kushangilia. Mtu wa Kabanga anayeweza kupokea mzigo wake kwa jina lake na simu yake ameepushwa na utegemezi wa miaka mingi. Lakini tusijidanganye kwamba mwenye ufunguo ametoweka. Simu ya familia hushikwa na mmoja, na ujumbe wa wote hupita kwake. Matokeo ya vipimo, nywila ya benki, taarifa ya mkopo, wito wa kazi: vyote huingia katika kifaa ambacho mume, kaka au jirani mwenye chaji ndiye anayekisoma kwanza. Taasisi bado zina masanduku, na barua za mirathi, za mahakama, za ajira na za mifuko ya pensheni bado hufika humo zikiwa na majina ya watu waliostaafu, waliohama au waliofiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewabana wanaokusanya na kuhifadhi taarifa za watu. Sheria hiyo haiwezi kuwa macho katika kila ofisi ya kata na kila kochi la sebuleni.

Wajibu wa mwenye ufunguo

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Anayeizuia barua amewazuia watu wasionane, na anayeifungua amejikaribisha katikati ya mazungumzo yao. Kwa hiyo nawasihi wote wenye ufunguo, wawe wa sanduku, wa ofisi au wa simu ya pamoja, wayashike mambo manne.

Kwanza, wawe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na barua ni mali. Tarehe iliyofika, jina la mwenyewe, sahihi au dole gumba alipoichukua: mistari mitatu hiyo hugharimu kalamu moja kwa mwaka.

Pili, wasikae nayo. Barua ya wito wa usaili iliyolala wiki mbili mezani ni barua iliyopotea, hata kama bahasha yake haikuguswa. Mwenyewe asipopatikana, irudishwe posta ipate kurudi kwa aliyeituma.

Tatu, walipe ada kwa wakati, na watakapoachia sanduku wawatangazie wanaolitegemea mapema, kanisani, msikitini, shuleni na kwenye mkutano wa kijiji. Namba iliyofungwa kimya ni watu mia waliokatiwa njia bila kujua.

Nne, na hili ndilo lililobeba yote: wasifungue. Kama ulezi au sheria inawalazimu, wafungue mbele ya mwenyewe na wamweleze sababu.

Nawe msomaji, unapoandika anwani ya mtu, iandike kamili: jina lake, aliyekubali kumpokelea, namba, na ofisi ya posta. Kwa mtu wa Kabanga iandike Kasulu, usije ukampelekea mtu wa Ngara. Sanduku ni la posta, ufunguo ni wa aliyekodi, lakini barua ni ya aliyeandikiwa.